Mkoba wenye picha ya mti: Je, shilingi ya mnunuzi hufika msituni?

Tangu Agosti 28, 2017, mwenye kwenda dukani nchini Kenya hubeba mfuko wake mwenyewe au hununua mwingine kaunta. Siku hiyo ndipo marufuku ya mifuko ya plastiki, ile ambayo wengi waliiita karatasi, ilipoanza kutekelezwa.

Mtaani Dallas, mjini Embu, kama ilivyo katika mitaa mingine ya nchi, mkoba wa kununulia bidhaa umekuwa kitu cha kila siku mfano wa kikombe au patapata. Na kwa kuwa mkoba hubebwa mbele za watu, umekuwa pia ubao wa matangazo. Aghalabu huwa na nembo ya kampuni, na wakati mwingine picha ya mti, ndovu au mlima iliyochorwa na msanii, pamoja na maneno ya kumhakikishia mnunuzi kwamba anasaidia kuhifadhi mazingira.

Maneno hayo humgusa mkazi wa Embu kuliko wengi. Mji huo uko kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya. Mito ya Rupingazi na Kapingazi, inayopita kandokando yake, hutoka upande wa mlima, na maji yake huishia katika Mto Tana, unaoendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuelekea Bahari ya Hindi. Msitu ukikatwa juu, bomba hukauka chini. Taka zikitupwa mtoni, jirani wa chini ndiye huzipokea.

Kwa hiyo anapoambiwa kwamba sehemu ya bei ya mkoba itakwenda kulinda msitu, mnunuzi huyo ana haki ya kuuliza maswali matatu. Ni kiasi gani? Kinakwenda kwa nani? Na aliyechora picha iliyomvutia alilipwa nini?

Ushirikiano wa pande tatu

Biashara ya aina hii huwa na pande tatu. Ya kwanza ni kampuni yenye nembo na soko. Ya pili ni msanii mwenye mkono na jina. Ya tatu ni shirika linalofanya kazi ya mazingira, kama vile kupanda miti, kusafisha fuo au kulinda wanyama.

Kampuni hupata bidhaa isiyofanana na za washindani wake, pamoja na sifa njema. Msanii hupata malipo na kazi yake huonekana na watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la maonyesho. Shirika hupata fedha bila ya kwenda kwa wafadhili na bakuli mkononi. Mnunuzi naye hupata kitu alichokuwa akikihitaji, na juu yake faraja ya kuwa ametenda jema.

Mpango ukienda sawa, hakuna anayepoteza. Hata hivyo, pande hizo hazina nguvu sawa. Kampuni ndiyo huandika mkataba, hupanga bei na huweka hesabu. Msanii na shirika mara nyingi hupokea wanachopewa, na mnunuzi husoma kilichoandikwa kwenye lebo tu.

Neno la Kijapani na miti ya Kenya

Mfano unaowahusu Wakenya moja kwa moja ulianzia mbali. Mnamo Februari 2005, Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizuru Japani. Huko alisikia neno mottainai, ambalo Wajapani hulitumia kueleza uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotea bure.

Profesa Maathai alilichukua neno hilo na kulitangaza duniani kama wito wa kupunguza matumizi, kutumia kitu tena na kukirejesha kiwandani. Nchini Japani, gazeti la Mainichi na kampuni ya biashara ya Itochu zilianzisha kampeni kwa jina hilo. Bidhaa za kila siku, kama mikoba na vitambaa vya kufungia vitu, ziliuzwa zikiwa na chapa ya Mottainai, na sehemu ya mapato ikaelekezwa kwa Green Belt Movement, shirika ambalo Profesa Maathai alilianzisha mwaka 1977 kupanda miti nchini Kenya.

Mwaka 2006, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Japani, Yuriko Koike, aliongeza sanaa katika wazo hilo. Alitangaza furoshiki, yaani kitambaa cha mraba ambacho Wajapani wamekitumia tangu zamani kufungia mizigo na zawadi, kilichofumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki. Juu yake kulikuwa na picha ya ndege na maua ya Ito Jakuchu, mchoraji wa karne ya 18.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na jambo hilo. Furoshiki ni jamaa wa leso. Ni kitambaa kimoja chenye kazi kumi, na picha yake ndiyo humfanya mwenyewe asikitupe. Hapo ndipo ilipo nguvu ya msanii katika mambo haya. Kitu kizuri hutunzwa, na kitu kinachotunzwa hakigeuki taka upesi.

Green Belt Movement, kwa upande wake, ilikuwa na utaratibu unaofaa kuigwa na kila anayetangaza kupanda miti. Wanawake wa vijijini walioshiriki walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Aliyechimba shimo, akaweka mche na kuondoka, hakuwa amemaliza kazi. Tofauti kati ya miti iliyopandwa na miti iliyoishi ni kubwa, na matangazo mengi ya biashara huitaja ile ya kwanza tu.

Kazi inayoweza kuonekana

Haja ya fedha za uhifadhi katika eneo la Mlima Kenya si hadithi. Mwaka 1999, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilichunguza msitu huo kutoka angani na kukuta uharibifu mkubwa, ikiwamo ukataji haramu wa miti, uchomaji makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Eneo hilo lilikuwa limeingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia miaka miwili tu kabla, mnamo 1997.

Miongoni mwa hatua zilizofuata ni ujenzi wa ua wa umeme kuuzunguka mlima, ulioanza mwaka 2012 chini ya Rhino Ark kwa ushirikiano na mashirika ya serikali na jamii. Shirika hilo lilikuwa limekwisha kujenga ua wa takriban kilomita 400 kuzunguka milima ya Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Sehemu kubwa ya umaarufu wake na fedha zake imetokana na Rhino Charge, mashindano ya magari ya kila mwaka yaliyoanza 1989, ambapo washiriki huchangisha fedha na kampuni hudhamini magari.

Rhino Charge haiuzi mikoba, lakini inatoa somo kwa wanaouza. Ua ni kitu cha kuhesabika. Mkulima anayepakana na msitu anaweza kwenda kuuona, kuugusa, na kusema kama ndovu bado wanavuka kuingia shambani mwake. Fedha iliyotolewa kwa jina la "mazingira" bila ya kutajwa mahali wala kazi haiwezi kukaguliwa na yeyote.

Taka inapogeuka bidhaa

Kuna njia ya pili, ambayo ndani yake bidhaa yenyewe ndiyo hifadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa viumbe vya baharini, Julie Church, aliwaona watoto wa kisiwa cha Kiwayu, Kaunti ya Lamu, wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa patapata zilizoletwa na mawimbi. Kutokana na hilo kilizaliwa kiwanda kinachojulikana sasa kama Ocean Sole. Patapata hukusanywa kutoka fuoni na kwenye njia za maji, huoshwa, hugandishwa pamoja, kisha mafundi huzichonga kuwa ndovu, twiga, kasa na mapambo madogo ya nyumbani. Baadhi ya mafundi hao walikuwa wachongaji wa miti.

Ufukweni Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walitumia takriban tani 10 za taka za plastiki kuunda jahazi la mita tisa, kisha wakalifunika kwa vipande vya patapata zipatazo 30,000. Flipflopi, kama lilivyoitwa, lilizinduliwa mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria.

Huko Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, karakana ya vioo iliyotokana na kazi za msanii Nani Croze imekuwa ikiyeyusha vioo vikuukuu na kuvigeuza gilasi, mabakuli na shanga.

Katika njia hii mnunuzi hahitaji kusubiri ripoti ya mwaka. Taka iliyoondolewa ameishika mkononi. Lakini swali halimaliziki hapo, kwa kuwa ndovu mmoja wa patapata hauzuii patapata mpya kutupwa kesho. Kiwanda cha sanaa kinaweza kusafisha ufuo, hakiwezi kuchukua nafasi ya mfumo wa kuzoa taka wa kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeliona hilo kwa kuwataka watengenezaji wa bidhaa kuwajibikia bidhaa zao hata baada ya kutumika.

Fulana 1,775

Nje ya bara hili, mfano uliozungumzwa sana ni wa kampuni ya mavazi ya Lacoste ya Ufaransa. Mwaka 2018, kampuni hiyo iliondoa mamba wake maarufu kwenye kifua cha fulana na kuweka picha za viumbe 10 walio hatarini kutoweka. Ilishirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN).

Idadi ya fulana ililingana na idadi ya wanyama waliokadiriwa kubaki porini. Zilikuwapo 30 za pomboo mdogo wa Meksiko aitwaye vaquita, 67 za kifaru wa Java na 350 za chui milia wa Sumatra. Kwa jumla zilikuwa 1,775, nazo ziliuzwa upesi.

Kama elimu kwa umma, wazo hilo lilifaulu. Namba 30 ikisomwa kwenye ripoti husahaulika, bali mtu akijua kwamba duniani kuna fulana 30 tu kwa kuwa kuna wanyama 30 tu, hasahau. Hata hivyo, fulana 1,775 ni chache mno kwa kampuni inayouza mamilioni ya nguo. Bidhaa ya toleo dogo inaweza kumulika jina la kampuni nzima ilhali sehemu kubwa ya biashara yake haikuguswa.

Hesabu ya shilingi

Zipo namna tatu zilizozoeleka za kutoa fedha, na kila moja ina mlango wake wa kuponyoka.

Ya kwanza ni asilimia ya bei. Chukua mfano wa mkoba unaouzwa Sh300 kwa ahadi ya asilimia 10. Kila mkoba utatoa Sh30, na hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya.

Ya pili ni asilimia ya faida. Mkoba huohuo wa Sh300 ukigharimu Sh270 kuutengeneza, kuusafirisha na kuutangaza, faida ni Sh30, na asilimia 10 yake ni Sh3. Kampuni ikisema kwamba gharama zilifika Sh300, mchango ni sufuri. Neno moja tu kwenye lebo, "faida" badala ya "bei", limepunguza mchango mara kumi au kuufuta kabisa.

Ya tatu ni kiasi maalumu. Kampuni hutangaza kwamba itatoa, tuseme, Sh500,000. Huu ni mpango wa wazi, lakini mnunuzi anapaswa kujua kwamba ununuzi wake hauongezi kitu. Fedha hizo zitatolewa anunue asinunue.

Hesabu nyingine ni ya bidhaa yenyewe. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mkoba wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ili madhara yake kwa hali ya hewa yashuke hadi yale ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hii si sababu ya kuirudisha mifuko ya plastiki, iliyoziba mitaro na kuua mifugo. Ni sababu ya kutonunua mkoba mpya kila picha mpya inapotoka. Mikoba mitano ya "kuokoa mazingira" iliyolala kabatini ni mzigo kwa mazingira hayohayo.

Kenya yenyewe imeliona jambo hili. Baada ya marufuku ya 2017, ambayo mkosaji anaweza kutozwa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni au kufungwa jela hadi miaka minne, soko lilijaa mifuko ya nyuzi za plastiki zilizogandamizwa ili ionekane kama kitambaa. Mwaka 2019, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitangaza kuipiga marufuku hiyo nayo, kwa kuwa mingi ilikuwa hafifu na haikuweza kutumika tena na tena. Hatua hiyo ilipingwa mahakamani. Mfuko unaweza kuitwa rafiki wa mazingira na bado ukachanika kabla ya kufika nyumbani.

Haki ya aliyechora

Katika mazungumzo haya yote, msanii ndiye husahauliwa kwanza. Mchoraji kijana wa Embu, aliyezoea kuandika mabango ya maduka na kupamba kuta, akiitwa na kampuni achore picha ya Mlima Kenya, hufurahia malipo ya siku hiyo. Miaka miwili baadaye huenda akaiona picha hiyo kwenye kalenda, vikombe na fulana asizozijua, wala asilipwe hata senti.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ina kifungu ambacho kila msanii nchini Kenya anapaswa kukijua. Kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale ambapo pande hizo zimekubaliana vinginevyo. Kwa maneno mengine, ukimya humfaidi mwenye kuagiza. Msanii asipoweka masharti yake mapema, anaweza kuwa ameuza vyote kwa bei ya kimoja.

Dawa yake ni karatasi. Mkataba ueleze picha itatumika kwenye bidhaa zipi, kwa muda gani, katika nchi zipi, na kwa malipo gani kila toleo jipya linapotoka. Haki ya msanii kutajwa kuwa mwenye kazi, na kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima, ni haki ya kimaadili inayotambuliwa na sheria hiyohiyo. Hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake, basi anayeisalimisha kwa pupa huwapokonya hata watoto wake.

Ni jambo la kuhuzunisha pale msanii anapoombwa kuchora bure "kwa ajili ya mazingira" ilhali mpiga chapa, dereva na mwenye duka wote wamelipwa. Msanii akitaka kutoa mchango, na atoe kwa hiari yake, na utajwe kuwa wake.

Yapo pia mambo ambayo hayana msanii mmoja. Kiondo cha katani, kinachosukwa na wanawake wa maeneo ya Mlima Kenya na Ukambani, kilikuwa mfuko usiochafua mazingira miaka mingi kabla ya NEMA kuundwa. Mistari na rangi zake ni urithi wa jamii. Bunge lilipitisha mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, ambayo inataka jamii yenye urithi ikubali kwanza na kufaidika pale urithi wake unapotumiwa kibiashara. Kampuni inayochapisha michoro ya kiondo kwenye mfuko wa nyuzi za plastiki, kisha kuuita wa kiasili, imemnyima msusi soko na imempa mnunuzi kitu duni.

Mnunuzi aulize nini

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anazonunua. Sheria ya Ushindani ya 2010 na ile ya Kulinda Wateja ya 2012 hukataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ahadi ya mazingira kwenye lebo ni maelezo kama mengine. Ikiwa si kweli, ni udanganyifu, hata kama picha yake ni nzuri.

Lebo ya kuaminika hutaja mambo machache. Hutaja shirika linalopokea fedha kwa jina lake kamili, kiasi cha shilingi kwa kila bidhaa, mahali kazi inapofanyika, na jina la msanii. Hueleza pia bidhaa imetengenezwa kwa nini, na iende wapi ikichakaa. Ikiwa badala ya hayo kuna majani ya kijani kibichi na maneno kama "tunaijali dunia", mnunuzi ajue kwamba ameuziwa rangi.

Aidha, mkazi wa Embu ana faida ambayo mnunuzi wa Tokyo au Paris hana. Msitu wa Njukiri uko karibu na mji, na Irangi iko mlimani upande huohuo. Sheria ya misitu inatambua vyama vya jamii zinazoishi kando ya misitu, ambavyo wanachama wake ni majirani na jamaa. Akiambiwa kwamba miche ilipandwa huko, anaweza kuuliza ni wangapi waliolipwa kuipalilia na ni mingapi iliyovuka kiangazi cha kwanza.

Kampuni iliyotenda kweli haitaudhika kwa kuulizwa hivyo, kwa kuwa jibu lake liko msituni na linazidi kurefuka kila mwaka. Isiyotenda itajibu kwa tangazo jingine. Na mnunuzi asiyeridhika na majibu bado ana njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kukichukua kiondo cha mamaye kilichotundikwa ukutani, akaenda nacho sokoni, na Sh300 zake zikabaki mfukoni.